Nani apangiwe upya? Mwongozo wa kubashiri mgonjwa wa saratani ya puru atakayehitaji mionzi inayorekebishwa

Mpango wa mionzi huchorwa juu ya picha moja ya CT, ile inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande. Picha hiyo imepigwa siku moja, kibofu kikiwa na mkojo wa kiasi fulani, na puru ikiwa na kinyesi, ikiwa na hewa, au ikiwa tupu. Kisha mpango huohuo hutumika mara 25 au 28, wiki baada ya wiki, kana kwamba tumbo la mgonjwa limegandishwa siku ile ya picha. Kwa uvimbe wa ubongo dhana hiyo haina madhara makubwa, kwa sababu fuvu halijai wala halipungui. Kwa saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana inayoishia kwenye tundu la haja kubwa, mambo ni tofauti.

Mwaka 1997 Di Yan na wenzake wa hospitali ya William Beaumont, Michigan, waliandika rasmi wazo la mionzi inayorekebishwa: mtazame mgonjwa anavyobadilika akiwa kwenye matibabu, kisha ubadilishe mpango umfuate yeye. Leo zipo mashine zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Elekta Unity, yenye MRI ndani yake, ilimtibu mgonjwa wake wa kwanza Utrecht, Uholanzi, mwaka 2017. Ethos ya Varian ilianza Herlev, Denmark, mwaka 2019. Mashine hizi hutengeneza mpango mpya mgonjwa akiwa bado amelala mezani.

Kinachokwamisha ni muda. Tuseme linaki yako, yaani mashine inayotoa mionzi, inafanya kazi saa 10 kwa siku na kila mgonjwa anachukua dakika 15. Hao ni wagonjwa 40. Ukichagua wanne wapangiwe upya kila siku palepale mezani, na kila mmoja akachukua dakika 45, umetumia dakika 120 za ziada. Wagonjwa wanane hawatatibiwa siku hiyo, au wafanyakazi watatoka usiku. Kampala waliona mwaka 2016 nchi inavyokuwa mashine yake moja ya mionzi, ya kobalti, inapoharibika, na taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hupokea wagonjwa wanaosafiri kutoka mikoa ya mbali. Katika mazingira ya aina hii hakuna anayeweza kusema "tumrekebishie kila mtu". Lazima uchague, na kuchagua vizuri ni kubashiri.

Mwongozo huu ni kwa timu ya kawaida: daktari wa saratani, mwanafizikia tiba, wateknolojia wa mionzi wachache, na linaki inayoweza kupiga CBCT, yaani ile CT ndogo inayopigwa na mashine yenyewe mgonjwa akiwa mezani. Huhitaji Unity wala Ethos ili kuanza.

Hatua ya 1: Taja ni marekebisho gani unayozungumzia

Neno "kurekebisha" linabeba mambo manne tofauti, na timu nyingi hubishana kwa sababu kila mtu ana lake kichwani.

La kwanza ni kupanga upya mara moja: mgonjwa anarudi kwenye CT, mpango mpya unachorwa, unaanza kutumika siku chache baadaye. La pili ni mpango wa wastani: unachukua picha za siku za mwanzo, unatafuta puru na mafuta yanayoizunguka hukaa wapi kwa kawaida, kisha unapanga juu ya wastani huo. La tatu ni maktaba ya mipango, njia iliyofanyiwa kazi sana na taasisi ya saratani ya Amsterdam: unaandaa mipango kadhaa mapema, ya puru nyembamba, ya kati na iliyojaa, halafu kila asubuhi mteknolojia anatazama CBCT na kuchagua unaofaa. La nne ni kupanga upya kila siku palepale mezani.

Andika kwenye karatasi ni lipi mnaloliweza. Kama hospitali yenu inaweza lile la kwanza tu, msipoteze mwaka mzima kujenga modeli ya kubashiri la nne.

Hatua ya 2: Fafanua "kuhitaji" kabla ya kugusa data

Hapa ndipo kazi nyingi za aina hii huharibikia. Mtu anafungua mafaili ya miaka mitatu, anatazama nani alipangiwa upya na nani hakupangiwa, anaita hayo "matokeo", kisha anatafuta tabia zinazotofautisha makundi hayo mawili. Modeli itakayotoka itabashiri kitu kimoja kwa ustadi mkubwa: nani alikuwa zamu wiki ile. Kupangiwa upya hutegemea daktari gani aliangalia picha, kama CT ilikuwa na nafasi, na kama mwanafizikia alikuwa likizo. Hitaji la mgonjwa ni kitu kingine, na lazima ulipime wewe mwenyewe kutoka kwenye picha zake.

Kwa saratani ya puru kuna mahitaji ya aina mbili.

Aina ya kwanza ni eneo lengwa kutoroka dozi. Wengi hufikiri ni uvimbe unaotoroka. Mara nyingi sivyo. Katika mpango wa kawaida wa grei 45 hadi 50.4 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), eneo lengwa ni mesorektamu nzima, yale mafuta yanayoifunika puru pamoja na tezi zake, na tezi za pembeni mwa nyonga. Uvimbe umekaa ndani kabisa ya eneo hilo. Kinachochomoza nje ya dozi ni ukingo wa juu na wa mbele wa mesorektamu, kwa sababu nyuma kuna mfupa wa sakramu unaoizuia na chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga, lakini mbele juu kuna kibofu, mfuko wa uzazi na matumbo, vyote vinavyokwenda na kurudi. Karibu na mfupa utaona mabadiliko ya milimita chache. Juu mbele unaweza kuona sentimita nzima au zaidi.

Hili lina matokeo ambayo watu huyasahau: uvimbe kupungua hakumaanishi mpango mpya. Mesorektamu inapewa mionzi kwa sababu ya chembe za saratani zisizoonekana, na chembe hizo hazihami eti kwa kuwa uvimbe umesinyaa. Kusinyaa kwa uvimbe huwa hoja pale unapoongeza dozi juu ya uvimbe wenyewe, jambo linalozidi kujadiliwa tangu Angelita Habr-Gama wa São Paulo aonyeshe kwamba baadhi ya wagonjwa ambao uvimbe wao umetoweka kabisa wanaweza kufuatiliwa bila upasuaji. Kwa mgonjwa wa namna hiyo eneo la nyongeza ni dogo, kingo zake (ile nafasi ya ziada inayoongezwa kuzunguka eneo lengwa) ni nyembamba, na mwendo wa milimita tano una uzito mwingine kabisa. Mtenge. Usimchanganye na wa dozi ya kawaida.

Aina ya pili ya hitaji ni matumbo kupata dozi isiyo ya lazima. Mwongozo wa QUANTEC wa mwaka 2010, unaohusu dozi ambazo viungo vyenye afya vinaweza kuhimili, unapendekeza kwamba ujazo wa mfuko mzima wa matumbo unaopata grei 45 au zaidi usizidi sentimita za ujazo 195. Ukichora kitanzi kimoja kimoja cha utumbo mwembamba, ujazo unaopata grei 15 uwe chini ya 120. Mgonjwa anayekaribia namba hizo ana faida ya kupata kwenye kingo nyembamba. Mgonjwa ambaye matumbo yake yako mbali, hata mesorektamu yake icheze vipi, unaweza kumwongezea ukingo na kuendelea. Kwa maneno mengine, mabadiliko makubwa na hitaji kubwa ni vitu viwili, na unachobashiri ni cha pili.

Pendekezo langu la kuanzia: mgonjwa ahesabiwe "mhitaji" kama, baada ya kukokotoa upya dozi juu ya picha zake za kila siku, asilimia 95 ya dozi haikufunika sehemu ya mesorektamu mliyokubaliana katika idadi ya siku mliyokubaliana, au kama marekebisho yangeshusha dozi ya matumbo kutoka juu ya kikomo hadi chini yake. Namba kamili zikubaliwe na daktari na mwanafizikia, ziandikwe, na zisibadilishwe baada ya kuona matokeo.

Hatua ya 3: Pima kwa rula kabla ya kupima kwa programu

Kuchora mesorektamu nzima kwenye CBCT 25 za kila mgonjwa ni kazi ya miezi, na picha zenyewe si nzuri: hewa ikitembea tumboni wakati wa picha, michirizi hufunika ukingo uleule unaoutafuta. Anza na kipimo chepesi. Linganisha CBCT na CT ya mpango kwa kufuata mifupa. Chagua ngazi tatu, tuseme pingili ya pili ya sakramu, ya nne, na ncha ya kifandugu. Katika kila ngazi, kwenye mstari wa kati, pima umbali kutoka mbele ya mfupa hadi ukingo wa mbele wa mesorektamu. Namba tatu kwa siku. Jedwali la Excel linatosha. Mtu wa pili apime upya sehemu ya picha bila kuona namba za wa kwanza. Mkitofautiana kwa milimita nyingi kuliko mabadiliko mnayoyatafuta, msiendelee mpaka mkubaliane jinsi ya kupima.

Sasa angalia mfano huu wa kubuni, wagonjwa wawili, ngazi ya juu, siku tano za mwanzo.

Mgonjwa A: kwenye CT ya mpango umbali ni milimita 52. Siku tano: 44, 41, 45, 43, 42. Wastani ni 43.

Mgonjwa B: kwenye CT ya mpango ni milimita 46. Siku tano: 55, 38, 49, 37, 51. Wastani ni 46.

A ametulia kabisa, ila ametulia mahali tofauti na pale mpango unapodhani. Huenda alipigwa CT puru ikiwa imejaa hewa. Hilo ni kosa la kudumu, na dawa yake ni kupanga upya mara moja. B hana kosa la kudumu hata milimita moja, lakini anarukaruka karibu sentimita nzima kila upande. Ukimpangia upya kwa CT ya siku moja nyingine umebadilisha bahati nasibu moja kwa nyingine. Huyo anahitaji maktaba ya mipango, au kupangiwa kila siku, au, pasipo na hayo, ukingo mpana na mazungumzo ya dhati kuhusu choo na maji.

Ukiwapa wote wawili alama moja ya "mhitaji", modeli yako itajaribu kubashiri magonjwa mawili kwa swali moja. Watenganishe tangu hapa.

Kwa wanaopenda hesabu, kanuni ya Marcel van Herk na wenzake wa Amsterdam ya mwaka 2000 inaonyesha kwa nini A ni wa kuwahiwa. Ukingo unaotakiwa ni 2.5 mara kosa la kudumu, jumlisha 0.7 mara kosa la siku kwa siku, vyote vikipimwa kwa kundi la wagonjwa. Makosa yote mawili yakiwa milimita 4, ukingo ni 12.8. Punguza la kudumu hadi 2, ukingo unashuka hadi 7.8. Punguza la siku kwa siku hadi 2 badala yake, unabaki na 11.4. Kanuni hiyo ilitungwa kwa eneo linalosogea bila kubadilika umbo, na mesorektamu hubadilika umbo, kwa hiyo ichukue kama dira tu.

Hatua ya 4: Chagua vibashiri kwa sababu za kimwili

Usianze na orodha ya sifa 800 zilizotolewa na kompyuta kwenye picha. Ukiwa na wagonjwa 80 na sifa 800, kitu fulani lazima kitaonekana kinabashiri, na mwaka ujao hakitabashiri. Anza na vitu ambavyo unaweza kueleza kwa mdomo kwa nini vingesogeza mesorektamu.

Puru kwenye CT ya mpango. Pima upana wake na hewa iliyomo. Puru iliyojaa siku ya CT itapungua baadaye. Hiyo ndiyo njia kuu ya kumzalisha mgonjwa A. Wenzetu wa tezi dume walijifunza hili mapema: mwaka 2005 Renaud de Crevoisier na wenzake wa Houston walionyesha kwamba wanaume waliokuwa na puru iliyotanuka kwenye CT ya mpango walirudiwa na ugonjwa zaidi. Kwa saratani ya puru kiungo kinachotanuka ndicho chenyewe kilicho katikati ya eneo lengwa.

Urefu wa uvimbe kutoka kwenye tundu. Uvimbe wa chini uko kwenye eneo lililobanwa na misuli. Wa juu uko kwenye eneo linaloelea.

Jinsia, na upasuaji wa zamani. Kwa mwanamke, mfuko wa uzazi hukaa kati ya kibofu na puru, kwa hiyo kibofu kikijaa huusukuma, nao husukuma mesorektamu. Aliyeondolewa mfuko wa uzazi ana tatizo lingine: matumbo hushuka kujaza nafasi, wakati mwingine yakagandamana humo. Andika "ameondolewa kizazi" kama safu yake yenyewe. Usiifiche ndani ya safu ya jinsia.

Kibofu. Pima ujazo siku ya CT na siku za mwanzo, kwa CBCT au kwa kipimo kidogo cha altrasaundi. Wagonjwa wengi huanza na kibofu kilichojaa na kuishia na kibofu kidogo kadiri wiki zinavyopita, kwa sababu mionzi yenyewe hukikera. Mzee mwenye tezi dume iliyotanuka hawezi kubana mkojo kama kijana. Hilo ulijue mapema badala ya kuligundua wiki ya tatu.

Choo. Hiki hakimo kwenye picha, kimo kwenye mazungumzo, na ndicho kibashiri cha bei rahisi kuliko vyote. Mteknolojia aulize kila asubuhi na kuandika jibu. "Shikamoo mzee. Leo umepata haja kubwa kabla ya kuja?" "Mama, tumbo limejaa gesi leo? Uharo umeanza?" Namna ya kuuliza ina kazi yake. Mzee akiulizwa mbele ya watu wengine kwenye benchi atasema kila kitu ni kizuri. Muulize ndani, mlango umefungwa, na ikiwezekana aulize mtu wa jinsia yake. Mgonjwa aliyewekewa tundu la haja tumboni kabla ya mionzi mtenge pia: puru isiyopitisha kinyesi haina sababu nyingi za kujaa na kupungua.

Jinsi anavyolala, kifudifudi au chali, iwe sawa kwa wote au iandikwe. Uzito, na kupungua kwake, uandike lakini usitegemee makubwa.

Na kipo kibashiri kinachovizidi vyote nilivyotaja: picha za mgonjwa mwenyewe za siku tatu hadi tano za mwanzo. Tofauti ya wastani na CT ya mpango, na mtawanyiko wake. Ukiwa na hivyo viwili, jinsia na urefu wa uvimbe mara nyingi huwa na machache ya kuongeza.

Hatua ya 5: Amua unabashiri lini

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni kabla ya siku ya kwanza, ukitumia CT ya mpango, MRI na maelezo ya mgonjwa. Wa pili ni baada ya picha za mwanzo.

Kwa kozi ndefu, ile ya mikupuo (yaani vipindi vya mionzi) 25 au 28, mlango wa pili ni bora na haugharimu sana. Ukisubiri mikupuo mitano kati ya 25, bado asilimia 80 ya dozi iko mbele yako. Kumbuka tu kwamba mpango mpya una siku zake za kuchorwa na kukaguliwa. Ukipima siku ya tano, panga uanze kutumika mapema wiki ya pili. Ukifika wiki ya nne ndipo ukaamua, umechelewa kiasi kwamba heri uache.

Kwa kozi fupi hesabu inageuka. Grei 25 kwa mikupuo mitano, grei 5 kila siku: siku moja mbaya ni sehemu ya tano ya matibabu yote. Kozi hii imepata nguvu mpya tangu majaribio kama RAPIDO yaiweke kabla ya dawa za kemo, na kwa hospitali yenye foleni ndefu inavutia kwa sababu inaachia mashine haraka. Lakini hakuna wiki ya kutazama. Ninachopendekeza ni CT ya pili, siku mbili tatu baada ya ile ya kwanza, isiyo na dawa ya mshipani, yenye dozi ndogo. Picha mbili haziwezi kukupa mtawanyiko wa kuaminika, ila zinakuonyesha kama ile ya kwanza ilikuwa siku ya ajabu. Halafu modeli ya kozi fupi na ya kozi ndefu ziwe mbili.

Hatua ya 6: Jenga kitu kidogo

Hesabu wahitaji kwanza, wagonjwa baadaye. Ukiwa na wagonjwa 80 na wahitaji 16, modeli yako inaweza kubeba vibashiri viwili hivi, pengine vitatu ukitumia njia za kubana makadirio. Kanuni ya mdomo ya "wahitaji 10 kwa kila kibashiri" si takatifu, na Richard Riley na wenzake wameandika njia bora zaidi za kukokotoa ukubwa wa sampuli, lakini inakuzuia kufanya mambo ya aibu. Rigresheni ya kawaida ya lojistiki, njia ya takwimu inayokadiria uwezekano wa jibu la ndiyo au hapana, inatosha. Ukubwa wa puru uuache kama namba. Ukiukata kuwa "kubwa" na "ndogo" umetupa taarifa uliyoitolea jasho.

Usigawe wagonjwa 80 kuwa 56 wa kufundishia na 24 wa kujaribia. Kati ya hao 24 utakuwa na wahitaji watano hivi, na watu watano hawathibitishi chochote. Tumia wote, kisha choteni upya sampuli mara mamia kwa kurudisha, mjenge modeli upya kila mara, muone inavyoporomoka ikikutana na wagonjwa isiowafahamu. Uteuzi wa vibashiri nao ufanywe upya ndani ya kila mzunguko, la sivyo mnajidanganya.

Watu hukimbilia eneo chini ya mkunjo, 0.78 na furaha. Namba hiyo inasema tu kwamba mhitaji kwa kawaida anapata alama kubwa kuliko asiye mhitaji. Haisemi kama asilimia 30 ya modeli ni asilimia 30 ya kweli. Chukua wagonjwa wote waliopewa karibu asilimia 30, uhesabu wangapi walikuwa wahitaji. Kama ni nusu, au kama ni mmoja kati ya kumi, modeli haifai kugawa muda wa mashine hata mkunjo wake ukiwa mzuri. Mkitaka kuandika kazi yenu ichapishwe, fuateni orodha ya TRIPOD ya mwaka 2015, inayotaja mambo ambayo ripoti ya modeli ya kubashiri lazima ieleze, au toleo lake la 2024 linaloingiza akili unde. Isomeni kabla ya kuanza, ina maswali ambayo hayajibiki baadaye.

Hatua ya 7: Kizingiti kitoke kwenye dakika za mashine

Modeli inatoa asilimia. Nani anaamua kwamba asilimia 20 inatosha kumpangia mtu upya, au 50? Programu haiwezi kujibu. Linajibiwa na ratiba yenu.

Kizingiti cha asilimia 20 maana yake uko tayari kuwapangia upya watu wanne wasiohitaji ili umpate mmoja anayehitaji. Kwa kupanga upya mara moja, kazi ya mwanafizikia ya siku moja na CT moja, wengi wangekubali. Kwa kupanga kila siku mezani, dakika 30 za ziada mara 25, hao watano watakula zaidi ya saa 60 za linaki. Hapo kizingiti kinapanda. Kwa hiyo A na B hawashiriki kizingiti, hata kama wanatoka kwenye jedwali moja. Njia ya Andrew Vickers na Elena Elkin ya mwaka 2006 ya kuchora faida halisi kwa kila kizingiti itawasaidia kulinganisha modeli na mikakati miwili mikongwe: kumrekebishia kila mtu, na kutomrekebishia yeyote. Modeli ikishindwa na mojawapo kwenye kizingiti chenu, iacheni bila huzuni.

Kabla ya hapo kuna jambo ambalo wajenzi wa modeli hawalipendi. Sehemu kubwa ya akina A haihitaji kubashiriwa; inahitaji kuzuiwa kwenye chumba cha CT. Mteknolojia akiona puru imejaa hewa au kinyesi, amshushe mgonjwa, aende choo, atembee, arudi baada ya nusu saa, apigwe tena. Maji ya kunywa yawe ya kipimo kimoja, chupa moja ya nusu lita kwa mfano, na muda mmoja kabla ya mashine, si "kunywa maji mengi". Ukifanya hivyo kwa miezi sita huenda wahitaji wakapungua hadi usiwe na wa kutosha kujenga modeli. Hayo ni mafanikio, hata kama hayana makala ya kuchapisha.

Hatua ya 8: Iendeshe kimya kwanza

Kwa wagonjwa wapya wa miezi ya mwanzo, kokotoa asilimia, ifungie kwenye faili, usimwonyeshe daktari. Mwishoni linganisha na vipimo vya rula. Modeli iliyojengwa Amsterdam, au Nairobi, haitafika kwenu ikiwa nzima: wagonjwa wenu huenda wanakuja na uvimbe mkubwa zaidi, wanalala tofauti, wanakula tofauti. Mara nyingi kinachohitaji kurekebishwa ni kiwango cha msingi tu, namba moja, wala si modeli yote. Mkibadilisha maelekezo ya maji au ya choo, rudieni ukaguzi, kwa sababu mmebadilisha kitu kilekile modeli inachobashiri.

Ikianza kutumika rasmi, iandikwe kwenye faili la mgonjwa mambo matatu: asilimia iliyotoka, uamuzi uliofanyika, na sababu pale uamuzi ulipokwenda kinyume na asilimia. Na kuwe na kanuni moja isiyojadiliwa: modeli ikisema mgonjwa hahitaji, lakini mteknolojia akaona kwenye CBCT siku mbili mfululizo kwamba ukingo wa mbele umetoka nje ya mstari, anasimamisha na kumwita mwanafizikia au daktari saa ileile. Mteknolojia mdogo kuliko wote kwenye zamu ajue kwamba ana ruhusa hiyo, na hatagombezwa akiitumia bure.